Mwili Hauombi Ruhusa

Utumbo wa ng'ombe unachelewa kufa. Shangazi yangu alilijua hilo miaka mingi kabla mimi sijalisoma chuoni, kwenye kitabu chenye michoro ya rangi. Kwa miaka kumi na tisa aliosha matumbo nyuma ya machinjio, kwenye banda la mabati lenye meza ndefu ya saruji na mabomba mawili, moja likitoa maji na jingine likitoa ahadi. Kila asubuhi beseni la kwanza lilipowekwa mezani, utumbo mwembamba ulikuwa bado unajikunja na kujikunjua, ukisukuma majani yaliyoliwa jana kuelekea mahali ambapo hapakuwapo tena. Kichwa cha ng'ombe kilikuwa kwenye toroli, ulimi nje. Tumbo halikuwa na habari.

"Huyu bado yuko safarini," alikuwa akisema jirani yake wa mezani, mwanamke mwenye sauti ya kupasua mabati ambaye kila mtu alimwita Kengele.

"Basi mwache afike," Shangazi alijibu, kisu chake kikapita, na safari ikaishia hapo.

Alikuwa mfupi, mpana mabegani, na vidole vyake vilikuwa vimejikunyata kwa maji hata siku za mapumziko. Kazi aliipata kupitia kwa kaka yake, yaani baba yangu, aliyekuwa mchinjaji mkuu. Mume alimpata palepale. Huyo alikuwa mchunaji, na jina lake la kazini lilikuwa Wembe, kwa sababu kisu chake kilipita kati ya ngozi na mafuta bila kujeruhi upande wowote. Kwa hiyo ng'ombe mmoja alipita mikononi mwa familia moja: Baba alimuua, Wembe alimvua ngozi, Shangazi akamalizia yaliyokuwa ndani. Watu waliona ni jambo la kuchekesha. Kuna wakati hata wao watatu walilicheka.

Wembe alikuwa mtu wa kupendeka. Alijua kuimba, alijua kuigiza mwendo wa msimamizi, na mgeni akifika machinjioni alimzoea Wembe kabla hajaizoea harufu. Nyumbani alikuwa na mikono mingine. Alimpiga Shangazi kwa ustadi uleule wa kazi yake, mahali ambapo nguo inafunika, bila kupoteza pigo. Katika miaka tisa ya ndoa alimvunja ubavu mmoja, vidole viwili, na kumpasua ngoma ya sikio la kushoto. Mtu akitaka kumnong'oneza Shangazi jambo, alilazimika kwanza kuzunguka upande wa kulia.

Mara mbili Shangazi alimkimbia. Mara ya kwanza alikuja kwetu na mfuko wa nailoni wenye nguo na sufuria moja. Siku ya nne Wembe akasimama mlangoni. Hakutukana, hakuinua mkono. Alisema tu, "Twende nyumbani." Shangazi akaanza kutetemeka kuanzia magotini, jasho likamtoka juu ya mdomo, na kabla mama yangu hajamaliza kusema, "Shemeji, kaa kwanza tuongee," alikuwa ameshaokota mfuko wake. Mara ya pili ilikuwa hivyohivyo, ila sufuria aliisahau.

Niliwahi kumuuliza kwa nini alifuata. "Nilitetemeka mno," alisema. "Nikaona basi, mwili umeshakubali."

Alichukulia tetemeko lake kuwa ndilo jibu lake. Sijui ni wanawake wangapi wamerudi nyumbani kwa jibu la namna hiyo.

Kabla ya siku ninayotaka kuieleza, alikwenda zahanati. Kila jioni, komeo la mlango wa uani lilipogonga, mdomo wake ulikauka, moyo ukamkimbia, na tumbo la chini likafunguka mpaka akawahi chooni. Aliamini ana ugonjwa uliotoka kazini. Daktari, msichana mwembamba mwenye miwani, akampima minyoo, akampima homa ya matumbo, akamuuliza habari za vidonda vya tumbo. Hakuona kitu.

"Hali hii inaanza saa ngapi, mama?"

"Jioni."

"Kila jioni?"

"Jioni mume wangu akirudi."

Daktari akaweka kalamu chini. Akamweleza taratibu kwamba ndani ya mwili kuna neva zinazofanya kazi bila kumuuliza mwenyewe. Ndizo zinazopiga moyo usiku kucha mtu akiwa amelala, ndizo zinazosaga chakula, zinazopanua mboni ya jicho na kuifunga. Ziko za namna mbili. Za kwanza zinawaka kukiwa na hatari: moyo unakimbia, mate yanakauka, damu inatoka tumboni inakwenda kwenye misuli, ili mtu apigane au akimbie. Za pili zinatuliza: mate yanarudi, moyo unapunguza mwendo, tumbo linaendelea na kazi yake.

"Kwako zile za kwanza zinawashwa kila jioni," daktari alisema, "halafu wewe hupigani wala hukimbii. Unapika. Ni kama gari linalonguruma huku limefungwa breki."

"Sasa dawa yake?"

"Dawa yake haiuzwi dukani, mama."

"Si ungeniambia tangu mapema. Nimekaa kwenye benchi lako asubuhi nzima."

Alirudi bandani akafanya mzaha wake. Tangu hapo, mlango ulipogonga kwa nguvu au mtu alipopaza sauti, alishika tumbo na kusema, "Neva zangu hizo zimekuja." Kengele alicheka mpaka akashika meza. Nadhani ndivyo alivyolibeba lile neno, kama mzaha, mpaka siku alipolihitaji.

Baba alikuwa na elimu hiyohiyo bila kupitia zahanati. Hakuchinja ng'ombe mwenye hofu. Alimwingiza kizimbani, akasimama pembeni, kisu kimefichwa nyuma ya paja, akaongea naye kwa sauti ya chini yenye maneno yasiyo na maana, akangoja mpaka ng'ombe aanze kucheua. Taya likianza kuzunguka, mate yakishuka, ndipo alipojua kwamba ndani kumetulia. Wenzake walimwita mwalimu wa chekechea. Lakini Baba alijua kwamba ng'ombe aliyekufa na hofu, nyama yake kesho yake huwa nyeusi na ya kunata, na mkaguzi huitazama mara mbili kabla ya kuigonga mhuri. Hofu ya mnyama haifi naye, alikuwa akisema. Inabaki kwenye nyama.

Juma lile Wembe alitoboa ngozi tatu. Sijui kwa nini. Mkono uliomtii miaka yote ulianza kumkataa. Msimamizi akaitundika ngozi ya tatu ukutani, mbele ya wachunaji wote, akapitisha kidole kwenye tundu na kukichezesha. "Karibuni dirishani," alisema. Wanaume wakacheka. "Wembe umekuwa msumeno!" mmoja akapiga kelele. Wembe naye akacheka, akainama kama mwimbaji anayeaga jukwaa.

Jioni ile alimpiga Shangazi kwa chuma cha kunolea visu. Safari hii hakuchagua mahali panapofunikwa na nguo. Pigo la kwanza lilivunja meno mawili ya mbele, la pili lilimpata kwenye taya. Alipoanguka akamkanyaga mkono, akaugeuza kisigino juu yake, na huku akimkanyaga alikuwa anauliza, "Mbona hucheki? Cheka nawe." Shangazi alisikia meno yake yakiwa huru mdomoni kama punje za mchele mbichi, na alichokumbuka baadaye kuliko maumivu ni kwamba hakusikia maumivu. Mwili uliyazuia mahali fulani mpaka alfajiri, ukamletea yote kwa pamoja.

Asubuhi alikwenda kazini. Kubaki nyumbani kulikuwa ni kukutwa nyumbani.

Baba alimwona saa nne, alipokuja bombani kusuuza mikono. Kitambaa kilikuwa kimefungwa kuzunguka taya na fundo juu ya kichwa.

"Fungua."

"Ni meno tu, kaka."

"Fungua nione."

Akafungua. Baba akamshika kidevu, akamgeuza kwenye mwanga, akamtazama mdomoni kama alivyotazama midomo ya ng'ombe waliofika. Akafunga mwenyewe lile fundo, akarudi kazini.

Akachinja wanne mfululizo bila kungoja hata mmoja acheue. Ng'ombe waliingia kizimbani macho yamewatoka, wakipiga mateke mbao, na kisu kikawakuta wakiwa bado wanahema. Mmoja alijirusha na koo wazi, akamburuta Baba mpaka kwenye nguzo. Damu iliruka mpaka kwenye taa. Mkaguzi wa nyama akamjia na daftari lake kifuani.

"Mzee, leo una nini? Kesho nyama hii itakuwa nyeusi, itanata kama gundi. Nitaigonga mhuri vipi?"

Baba alitazama mikono yake. Ilikuwa inatoka jasho mpaka mpini ukamteleza, yeye ambaye alituliza ng'ombe elfu kwa sauti tu. Akaweka kisu kirefu juu ya pipa. Nashukuru hadi leo kwamba alikiweka. Kisha akashuka kwenye sakafu ya kuchunia.

Wembe alikuwa ameinama juu ya ng'ombe, aproni ya mpira imemfika kwenye vifundo, kisu chake kifupi mkononi.

"Mkono gani?" Baba aliuliza.

"Nini, shemeji?"

"Ulimpiga kwa mkono gani?"

Wembe akacheka kidogo, akiwatazama wenzake kama anayeomba mashahidi. "Shemeji, mambo ya ndani kwangu niachie mwenyewe. Mimi nimekuuliza unavyolala na mkeo?"

Baba akampiga ngumi ya koo. Wembe akarudi nyuma, akakanyaga utelezi, akaanguka chali juu ya mzoga, na Baba akamwangukia. Walipigana pale kama mbwa, hawasemi, wanakoroma. Baba alimshika masikio akakipiga kichwa chake kwenye saruji, mara mbili, mara tatu. Wembe akamng'ata bega mpaka meno yakakutana. Wakabingirika chini ya minyororo, kwenye mfereji, ndani ya damu ya ng'ombe wanne, na kile kisu kifupi kilikuwa mahali fulani katikati yao bila yeyote kukifikiria. Wanaume sita ndio waliowatenganisha, mmoja akatumia ndoo ya maji kama wanavyotenganishwa paka.

Walisimama wakihema, wamelowa damu kutoka nywele mpaka vidole. "Haya, nani kashinda?" mtu mmoja akauliza. "Ng'ombe," mwingine akajibu. Wote wakaangua kicheko. Baba akaondoka kwenda kunawa. Wembe akatema mate, akaokota kisu chake, akasema kwa sauti, "Mzee anapiga kama anakanda unga," na akainama kuendelea kuchuna.

Hakuna aliyejua kwamba kisu kilikuwa kimempasua kinenani. Yeye mwenyewe hakujua. Mshipa haukukatwa wote, ulichanwa ubavuni, na damu ilishuka ndani ya suruali, nyuma ya aproni, ikaingia kwenye buti. Mahali pengine popote, dukani, shuleni, barabarani, tone moja lingemfanya mtu aulize. Pale kila kitu kilikuwa damu. Wale ni watu walioiona damu nyingi kiasi kwamba hawakuwa na jicho tena la kuitambua ya mwenzao.

Shangazi aliingia na beseni kuchukua utumbo. Alikuwa amesikia kelele, na Kengele alikwisha kumletea habari zote pamoja na nyongeza zake. Alimkuta Wembe ameketi juu ya mzoga. Wengine walikuwa mbali, wanavuta ng'ombe mwingine kwa mnyororo. Wembe alipiga mwayo. Akapiga mwingine. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu, jasho dogodogo limemjaa paji la uso, na vinyweleo vya mikono vilikuwa vimesimama kama vya mtu aliyetoka kwenye maji ya baridi.

"Niletee maji," alisema. "Nina kiu."

Shangazi akatazama chini. Buti la kushoto lilikuwa limejaa. Damu ilifika ukingoni, na kila alipopumua ilimwagika kidogo, nyekundu na mbichi, juu ya damu nyeusi iliyoanza kuganda.

Akaelewa. Aliniambia hilo bila kujificha: alielewa palepale, na yeye peke yake duniani ndiye aliyejua.

Akaenda kuchota maji. Alitembea mpaka bombani, hatua ishirini na kitu. Akachukua kikombe cha bati, akakisuuza. Akakitazama, akakisuuza tena. Moyo ulikuwa unampiga mpaka kwenye meno yaliyovunjika, lakini mikono, alisema, mikono ilikuwa yake kabisa, imetulia, inafanya kile anachoiambia. Akajaza kikombe mpaka juu, akamwaga kidogo, akajaza. Nimeishi miaka mingi nikiufikiria mwendo ule wa kwenda bombani. Hakuna neva iliyomwendesha. Ulikuwa wa kwake.

Alipogeuka, alimwona Baba kwenye bomba la pili, lile la ahadi, anangoja matone. Alikuwa ananawa damu bila kujua kwamba nyingine si ya ng'ombe. Ndipo Shangazi akaona yanayofuata: polisi, mahakama, kaka yake nyuma ya nondo kwa ajili ya mtu yule. "Sikumwonea huruma mume wangu," aliniambia. "Usije ukaandika kwamba nilimwonea huruma. Nilimwonea huruma baba yako."

Akaangusha kikombe. "Kaka! Damu ile ni yake! Anachuruzika!"

Watu wakaja mbio. Wawili wakamshika Wembe kwapani. "Inuka, mwanaume wewe, inuka upate hewa!"

"Msimwinue!" Baba akapiga kelele. Alikwisha kuona ng'ombe wangapi wakinyanyuka mara ya mwisho na kuangukia palepale? Alimlaza chini, akapasua suruali, akaingiza ngumi kinenani na kuweka uzito wake wote juu yake. Wembe akapiga ukelele ambao Shangazi hakuwahi kuusikia mdomoni mwake. Ulikuwa ukelele alioujua, lakini aliujua kutoka mdomoni mwake mwenyewe.

Gari lililokuwepo lilikuwa la ngozi, la wazi nyuma. Wakamlaza juu ya ngozi zilizopakwa chumvi, Baba amepiga magoti, ngumi haijatoka, na Shangazi akapanda akashika kichwa. Nafasi ya mtu mwingine haikuwepo. Dereva akaondoka kwa kasi, mlango wa nyuma ukigonga.

"Tulia," Baba alimwambia Wembe. "Usiongee. Pumua taratibu. Taratibu hivyo." Ilikuwa sauti ileile ya kizimbani.

Walipotoka kwenye barabara ya vumbi, Baba akainua macho akamtazama dada yake. Damu na jasho vilikuwa vimemtengeneza uso mwingine.

"Nikiinua mkono huu," alisema, "kabla hatujafika kwenye mzunguko itakuwa imekwisha. Watasema nilichoka."

Shangazi akakibana kichwa cha Wembe kati ya magoti yake.

"Wewe ndiye uliyepigwa. Sema wewe."

Wembe alikuwa anasikia. Mboni zake zilikuwa zimepanuka mpaka jicho lote likawa jeusi. Maji ya moto yakatoka chini yake yakasambaa juu ya ngozi za chumvi, mkojo wa mtu mzima aliyewafanya wengine wakojoe kwa miaka tisa. "Mke wangu," alisema. Midomo ikaendelea kucheza lakini sauti haikuja.

Gari likaruka shimo. Damu ikapenya kati ya vidole vya Baba, ikarudi.

"Shikilia," Shangazi alisema.

"Una hakika?"

"Shikilia, kaka. Nimembeba miaka tisa akiwa hai. Sitaki kumbeba akiwa maiti."

Baba akashikilia. Walipofika hospitali vidole vyake vilikuwa vimekakamaa, na muuguzi alivikunjua kimoja kimoja kwa maji ya uvuguvugu. Daktari wa upasuaji alisema mwili wa Wembe ulikuwa umefunga mishipa ya ngozi, ya mikono na ya utumbo ili damu iliyobaki iende kwenye moyo na ubongo. Ndiyo maana aliweza kukaa akitania huku anakufa. Mwili unaficha hasara mpaka unapozidiwa, alisema, na kama wangemsimamisha, ungezidiwa palepale.

Polisi walipokuja wodini, Wembe aliwaambia kwamba kisu kiliteleza akiwa kazini. Hakutaka iandikwe popote kwamba alipigwa na shemeji yake mbele ya watu, na kwamba mkewe ndiye aliyechagua kama aishi. Baba akarudi kizimbani, akaanza tena kungoja. Shangazi alihamia kwetu, akalala kitanda kimoja nami.

Miezi mitatu hakuna kilichotokea. Taya likapona likiwa limepinda kidogo. Kisha asubuhi moja, banda likiwa limejaa wanawake, Kengele akanyamaza katikati ya sentensi. Hilo halikuwahi kutokea, na kila mtu akageuka.

Wembe alisimama mlangoni na mkongojo chini ya kwapa, mguu wa kushoto umekonda ndani ya suruali.

"Twende nyumbani," alisema.

Yote yakaja kama zamani, kwa mpangilio uleule: mdomo, moyo, jasho, magoti. Mkojo ukamponyoka kidogo. Shangazi alisema mwili wake haukuwa umepata habari kwamba mtu huyu ana mguu mbovu, kwamba angeweza kumsukuma kwa kidole akaanguka. Mwili ulimwona yule wa miaka tisa.

Wembe akaona, akatabasamu. "Unaona? Bado unanijua. Angalia unavyotetemeka. Haya, kusanya vitu vyako."

"Natetemeka," Shangazi alisema. Meno yaliyobaki yalikuwa yanagongana. "Siendi."

"Unasema?"

"Kutetemeka kunakuja kwenyewe. Hakuniombi ruhusa. Miguu naiendesha mimi. Siendi."

Mkongojo ulimpata juu ya sikio la kushoto, lile lisilosikia. Akapiga magoti. Akashika ukingo wa meza akainuka, damu ikimshuka shingoni ndani ya gauni. "Siendi." Pigo la pili lilimpata kwenye mkono, na aliposimama tena hakuuachia ukingo. Wembe akauinua kwa pigo la tatu, na Kengele akaudaka mkongojo kwa nyuma, akauvuta kwa nguvu zake zote. Mguu ule haukuweza kumbeba. Wembe akaanguka kifudifudi kwenye mfereji wa maji ya matumbo.

"Ulete huo mkongojo!" alifoka kutoka chini.

"Nenda kauchukue," Kengele alisema, na akaurusha uani.

Hakuna mwanamke aliyemgusa. Hakuna aliyecheka pia. Alitambaa kwa viwiko, akivuta mguu, akapita kati ya mabeseni, akatoka mlangoni. Walisikia mkongojo ukikwaruza changarawe, kisha ukigonga, ukigonga, mpaka getini.

Shangazi akatapikia mfereji. Alipoinuka mikono yake ilikuwa inaruka kama vitu visivyo vyake.

"Nenda kapumzike," Kengele alimwambia, safari hii kwa sauti ya chini.

"Nikapumzike wapi? Beseni si hili hapa?" Akasukuma kisu juu ya meza kwa kiwiko. "Nikatie wewe. Leo mikono hii itanitoa kidole."

Kengele akakata. Shangazi akafungua bomba, akasubiri maji yaje, akaanza kuosha.